Kufundisha uzalendo na uraia shuleni: anza na kitu cha wote ambacho mtoto anakigusa

Mwambie mtoto wa darasa la pili aipende nchi yake, ataitikia "ndiyo" kisha ataendelea kuchora. Nchi ni kubwa mno kwake, hajui hata mpaka wake unaishia wapi. Lakini bomba la shule analijua, dawati analokalia analijua, na anajua vizuri sana nani huruka foleni. Hapo ndipo pa kuanzia. Uzalendo unaodumu hukua juu ya tabia tatu: kutunza kilicho cha wote, kusema kweli hata pale uongo ungemfaa, na kukubali kushindwa kwa haki. Bendera, wimbo wa taifa na historia hukaa juu ya msingi huo. Zikitangulia zenyewe, mtoto huzikariri kama anavyokariri jedwali la kuzidisha, na huzisahau mapema zaidi.

Hatua zifuatazo zinatosha muhula mmoja wa wiki 12 hivi, kwa darasa la wanafunzi 30 hadi 60. Vifaa ni vya kawaida: karatasi, kasha gumu, gundi, daftari chache na ubao.

Umri kwanza

Mwanasaikolojia wa Uswisi Jean Piaget, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1932, aliwatazama watoto wakicheza gololi na kuwauliza kanuni za mchezo zilitoka wapi. Wadogo waliziona kama amri za wakubwa zisizoguswa. Walipofika kama miaka 10 au 11 ndipo walipoelewa kwamba kanuni ni makubaliano, na kwamba wachezaji wakikubaliana wanaweza kuzibadilisha.

Kwa mwalimu maana yake ni hii. Wenye miaka 6 hadi 8 wape mazoea: zamu, foleni, kurudisha kitu mahali pake, kuomba radhi. Wenye 9 na 10 wape kazi yenye matokeo yanayoonekana, kama kutunza kifaa na kutoa hesabu yake. Kuanzia 11 wanaweza kutunga kanuni, kujadili suala lenye pande mbili na kuendesha uchaguzi wenye madaraka ya kweli. Ukimpa wa miaka 7 muundo wa mihimili ya dola atakutajia yote bila kosa, na hatakuwa ameelewa hata mmoja.

Kanuni za darasa, wiki ya kwanza

Usiulize "tuweke kanuni gani?" Watakujibu wanachodhani unataka kusikia: tusipige kelele, tuwatii walimu. Uliza badala yake: "Ni jambo gani humu darasani linakuzuia kusoma vizuri?" Kila mmoja aandike kwenye kipande cha karatasi bila jina. Kusanya, soma vyote kwa sauti, panga vinavyofanana ubaoni. Kazi hiyo huchukua kipindi kizima, usiikimbize.

Kipindi cha pili, wageuze malalamiko hayo kuwa kanuni tano hadi saba. Zikizidi hapo hakuna atakayezikumbuka. Kila kanuni ipitie maswali matatu. Je, mtu akiivunja tunaweza kuona? Je, inamhusu na mwalimu? Je, baada ya kuvunjwa kinafuata nini? "Tuheshimiane" inaanguka kwenye swali la kwanza. "Mtu akizungumza, wengine wanangoja amalize" inapita.

Swali la pili ndilo walimu wengi hulikwepa, na ndilo lenye uzito kuliko yote. Kama kanuni inasema atakayechelewa ataeleza sababu mbele ya darasa, siku ukichelewa wewe, eleza. Watoto 50 wakimwona mtu mzima akiifuata sheria ileile inayowabana wao, wameshajifunza utawala wa sheria kabla hawajalijua neno lenyewe. Wakiona inakuruka, wamejifunza kinyume chake, na hakuna somo litakalofuta walichokiona.

Wiki ya nne zirudieni kanuni. Isiyofanya kazi ifutwe kwa kura ya mikono iliyonyooshwa.

Mali ya wote: bomba linalovuja

Tafuta kitu kimoja cha shule kilichoharibika ambacho watoto wanakitumia: bomba, bawaba ya mlango, dirisha. Tuchukue bomba linalodondosha maji.

Kinga matone kwa kopo la mililita 250 na uweke saa. Tuseme limejaa kwa dakika 10. Wanafunzi wapige hesabu wenyewe: makopo 6 kwa saa ni lita 1.5, kwa siku nzima ni lita 36, kwa wiki ni lita 252. Wapeleke ndoo ya lita 20 mbele ya darasa, waulizane zingejaa ngapi. Wakipata ndoo 12 na nyingine inayozidi nusu, utasikia darasa limenyamaza. Tone waliloliona kila siku bila kulijali limepata ukubwa.

Sasa swali la uraia: nani ana wajibu wa kulitengeneza? Waandike barua moja ya darasa yenye mambo sita tu: kilichoharibika, mahali kilipo, tangu lini, hasara waliyoipima, wanachoomba, na tarehe. Nakala ibaki kwenye daftari la darasa. Siku saba zikipita bila jibu, barua ya pili itaje tarehe ya ile ya kwanza.

Kazi hii huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza, mwalimu mwenye nia njema hulitengeneza bomba mwenyewe kesho yake. Maji yamekoma lakini watoto hawakujifunza namna ya kufuatilia haki ya wote. Ya pili ni mbaya zaidi: barua haipewi jibu wala hainyanyuliwi mezani, na watoto wanaelewa kwamba sauti ya raia haina kazi. Kwa hiyo, kabla darasa halijaandika chochote, zungumza na mkuu wa shule akubali kujibu kwa maandishi. Jibu la "mwezi huu hatuna fedha, tutalitengeneza tarehe fulani" linafaa kabisa. Linawafundisha kwamba kiongozi anadaiwa maelezo hata pale asipokuwa na uwezo.

Zoezi dogo la uaminifu liende sambamba na hilo. Weka kasha la kalamu 12 za kuazima na daftari lenye safu tatu: jina, saa ya kuchukua, saa ya kurudisha. Hakuna msimamizi. Kila Ijumaa mwanafunzi wa zamu ahesabu mbele ya wote na kuandika ubaoni idadi iliyobaki. Zikiwa 9, andika 9. Usimsake mwizi, usipekue mikoba. Uliza tu: "Wiki ijayo wenzetu watatu wakikosa kalamu, tufanyeje?" Mara nyingi kalamu moja au mbili hurudi kimya kimya Jumatatu. Mtoto aliyerudisha bila kuonekana amefanya jambo kubwa kuliko aliyerudisha kwa kuogopa kupekuliwa.

Na hapa kuna kosa ambalo shule nyingi hulifanya kila siku bila kulifikiria: kutumia usafi kama adhabu. Aliyechelewa anafagia uwanja, aliyepiga kelele anaosha choo. Mtoto huyohuyo saa mbili baadaye anaambiwa kutunza mazingira ya umma ni heshima. Hawezi kuamini yote mawili, na atakaloliamini ni lile lililomuuma. Usafi uwe wa zamu, kwa orodha iliyobandikwa, wavulana na wasichana wakishika fagio na ndoo kwa usawa, na mwalimu wa zamu naye akishika mara mojamoja. Adhabu itafutwe kwingine.

Bendera na wimbo wa taifa

Kipindi kimoja cha dakika 40 kinatosha kuifanya bendera iache kuwa kitambaa cha mlingotini. Iteremshe au ifunike, kisha waambie waichore kwa kumbukumbu na kupaka rangi. Dakika 10. Wengi watakosea mpangilio wa rangi au upana wa milia, ingawa huipita kila asubuhi. Sasa walete karibu wapime kwa rula: urefu, kimo, upana wa kila rangi. Waandike uwiano. Baada ya macho kufunguka ndipo ueleze maana ya kila rangi kama ilivyo kwenye maelezo rasmi ya nchi yenu, wala si kama inavyosimuliwa mitaani.

Malizia kwa vitendo, watoto wawili wawili. Katika nchi nyingi bendera hupandishwa kwa wepesi na kushushwa taratibu. Haiachwi iguse ardhi. Ikichakaa huondolewa, haiachwi ikapeperusha matambara. Kwa nusu mlingoti hupandishwa kwanza hadi kileleni, ndipo ishushwe hadi nusu. Na jioni hurudishwa kileleni kabla ya kuteremshwa. Watoto hupenda sana kujua hili la mwisho, kwa sababu wamewahi kuiona ikiwa nusu na hakuna aliyewaambia ilifikaje pale.

Kwa wimbo, anza na karatasi. Waandike ubeti wa kwanza bila kunong'onezana. Utashangaa maneno ambayo wamekuwa wakiyaimba kwa miaka bila kuyasikia sawasawa. Sahihisha, eleza maneno matatu au manne magumu, kisha waimbe. Sauti hubadilika siku hiyohiyo.

Kusimama juani nusu saa kwa ajili ya wimbo kunawafundisha kuuchukia. Na yupo mtoto ambaye imani ya nyumbani kwao inamkataza kuimba au kupiga saluti. Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua mwaka 1943 kwamba mwanafunzi hawezi kulazimishwa kuisalimu bendera, na ile ya India mwaka 1986 iliwarudisha shuleni watoto waliofukuzwa kwa kusimama kwa heshima bila kuimba. Angalia sheria ya nchi yako inasemaje, lakini kwa vyovyote vile usimfanye mtoto huyo kuwa mfano wa usaliti mbele ya wenzake. Kusimama kimya kwa adabu ni heshima tosha, na darasa linalojifunza kumvumilia linajifunza uraia.

Uchaguzi wa viongozi wa darasa

Hii ndiyo kazi kubwa ya muhula, kwa hiyo ipe wiki mbili. Ukiifanya nusunusu ni heri uache, maana uchaguzi wa maonyesho huwafundisha watoto kwamba chaguzi zote ni maonyesho.

Kabla ya tangazo lolote, kaa na mkuu wa shule muandike karatasi moja: viongozi hawa wataamua nini wenyewe, watashauri nini, na nini hakiwahusu. Kupanga zamu za usafi, michezo ya Ijumaa na matumizi ya kasha la kalamu yanaweza kuwa yao kabisa. Ratiba ya masomo watoe ushauri tu. Kuadhibu wenzao kusiwe kwao kamwe: kiranja mwenye fimbo hujifunza ubabe, na anaowachapa hujifunza woga.

Kisha undeni tume ya wanafunzi watano ambao hawagombei. Kazi yao ya kwanza ni daftari la wapiga kura: majina yote, yamebandikwa ukutani siku tatu, asiyejiona alalamike. Nafasi ziwe tatu: mwenyekiti, katibu, mtunza vifaa. Mgombea apate saini za wenzake watano. Kampeni siku tatu, hotuba ya dakika mbili kila mmoja, na kila ahadi ipimwe kwa ile karatasi ya madaraka. Anayeahidi kufuta mitihani aulizwe ataifutaje. Zawadi marufuku, hata pipi moja. Eleza sababu: anayenunua kura leo atataka kuirudisha gharama yake kesho, na atairudisha kwenye mali ya wote.

Karatasi za kura hazina gharama. Karatasi moja ya A4 ikikatwa vipande nane inatoa kura nane. Kwa wanafunzi 60 karatasi nane zinatosha nafasi moja na zinabaki nne za akiba. Majina yapangwe kwa alfabeti, na kila jina liwe na kisanduku cha kuweka alama ya vema. Kwa madarasa madogo weka picha rahisi kando ya jina, kama nyota, samaki, jani. Katibu wa tume atie saini nyuma ya kila karatasi ili karatasi za nje zisiingizwe.

Sanduku la kura ni kasha lenye tundu la sentimeta 10 kwa 1. Lifunue, lizungushe darasa zima walione li tupu, kisha lifunge kwa gundi mbele yao. Kituturi ni meza pembeni iliyozungushiwa maboksi yaliyokunjuliwa. Mtoto anaonyesha jina, linawekewa alama daftarini, anapewa karatasi, anaingia, anakunja, anatumbukiza. Kwa vituturi viwili wanafunzi 60 humaliza ndani ya kipindi kimoja. Kikiwa kimoja, foleni hurefuka na wa nyuma huanza kuchungulia.

Watauliza kwa nini ni siri, kwani si wote ni marafiki? Waeleze kwamba kura ya siri kwa karatasi zilizochapwa na serikali ilianza mwaka 1856 katika makoloni ya Victoria na Australia Kusini, huko Australia, na kwamba kabla ya hapo katika nchi nyingi mtu alitaja chaguo lake kwa sauti, mwajiri wake au mwenye nyumba wake akisikiliza. Watoto wanaelewa hili haraka, kwa sababu na wao wana mbabe darasani.

Kuhesabu kufanyike hadharani. Mmoja anafungua na kusoma jina, wa pili anaiinua karatasi ionekane, wawili wanachora vijiti ubaoni, vinne na cha tano kikivikata. Isiyoeleweka iwekwe upande wa kura zilizoharibika nayo ihesabiwe. Mwisho linganisha: waliowekewa alama daftarini, karatasi zilizotoka sandukuni, jumla ya vijiti. Ikiwa daftari lina 55 na sandukuni zimetoka 56, simamisha kila kitu. Hesabuni upya, kagueni saini za nyuma. Ikigundulika karatasi isiyo na saini, iondoeni na muandike kwenye taarifa. Usiipuuze kwa kuwa "ni moja tu na haibadilishi mshindi". Hiyo moja ndiyo somo lenyewe.

Wakilingana kura, rudieni kwa wawili hao siku inayofuata. Aliyeshindwa apewe dakika moja ya kusema, kabla ya mshindi. Kama anataka kulia mpe muda, asisukumwe kutabasamu.

Kosa moja huua yote yaliyotangulia: mwalimu kubatilisha matokeo kwa kuwa aliyechaguliwa ni mtundu. Kama kuna sifa za lazima, kama vile mahudhurio, zitangazwe kabla ya majina kupokelewa. Baada ya kura kuhesabiwa, mtundu huyo ni kiongozi wenu, na mara nyingi dhamana humtuliza kuliko karipio.

Historia, mijadala, na mpaka kati ya kupenda kwenu na kuchukia kwa wengine

Mkataba wa Haki za Mtoto uliopitishwa na Umoja wa Mataifa tarehe 20 Novemba 1989 unalisema vizuri katika ibara ya 29: elimu imjengee mtoto heshima kwa maadili ya nchi anayoishi na ya nchi aliyotoka, na kwa staarabu zilizo tofauti na yake. Vyote kwa pamoja. Darasani pima kila somo kwa swali jepesi: mtoto mgeni, aliyehamia mwaka huu kutoka nchi jirani, akikaa dawati la mbele, ninaweza kulisema hili nikimtazama usoni?

Fundisha ushindi wa nchi, na fundisha makosa yake pia. Mtoto akisimuliwa kwamba nchi yake haikuwahi kukosea, siku atakayoupata ukweli, na ataupata, atadhani na yale mazuri yalikuwa uongo. Chukua tukio moja, leta maelezo mawili yanayotofautiana, kwa mfano tangazo rasmi la wakati ule na kumbukumbu ya mzee aliyekuwapo. Wayapigie mstari mambo yanayokubaliana kwa rangi moja, yanayopingana kwa rangi nyingine. Kisha waandike sentensi mbili tu: tunachokijua kwa hakika, na tunachohitaji kukitafuta zaidi.

Kwa mijadala, walimu wa Ujerumani wana kanuni tatu zilizokubaliwa katika mji wa Beutelsbach mwaka 1976 ambazo hazijachakaa. Usimlemee mwanafunzi kwa maoni yako hadi ashindwe kufikia ya kwake. Linalobishaniwa katika jamii liletwe darasani likiwa bado linabishaniwa. Na mwanafunzi awezeshwe kuona hali na maslahi yake yako wapi katika suala hilo. Tofautisha tu na yale yasiyo na pande mbili: kama wenzetu wa kabila au dini fulani wanastahili utu si mada ya mdahalo. Usiulize mtoto wazazi wake ni wa chama gani, na chama chako wewe kibaki nje ya mlango.

Kupima bila kuharibu

Maarifa yapimwe kwa mtihani: rangi za bendera, hatua za uchaguzi, haki na wajibu. Upendo wa nchi usipewe alama, kwani utapata insha tamu zisizo na ukweli. Kwa tabia, weka daftari na uwaangalie watoto watano kwa siku. Kwa darasa la 50 utawamaliza wote kwa siku 10 za shule. Andika ulichokiona: "alirudisha kalamu", "alingoja zamu", "alimkatiza mwenzake mara tatu". Usiandike "mzalendo" wala "mkaidi". Rudia wiki ya 11 ulinganishe.

Wiki ya 12 ni ya makabidhiano, na isirukwe hata mitihani ikibana. Viongozi wanaoondoka wasimame mbele ya darasa na vitu vinne: daftari la mihtasari ya vikao, nakala za barua na majibu yake, hesabu ya vifaa vilivyokuwapo na vilivyobaki, na ufunguo wa kabati. Mtu yeyote darasani anaruhusiwa kuuliza, na swali la kalamu tatu zilizopotea lijibiwe. Kisha wasaini, na ufunguo uwekwe mezani mpaka watakaochaguliwa muhula ujao wauchukue.